Sinema Iliyonifungia Mosocho

Miezi mitatu sasa sijakanyaga nyumbani kwa wakwe zangu huko Mosocho, na wa kulaumiwa ni rafiki yangu Nyakundi na Ombati. Nawataja bila haya. Kwetu mwanaume hamgusi mama mkwe hata mkono.

Nyakundi aliahidi kunishikia nafasi benchi la mbele, ukumbini huko huko Mosocho, tuone sehemu ya pili ya ile sinema ya watu waliofungiwa kwenye chombo cha kwenda mwezini, wakiliwa mmoja mmoja na dude lisilo na macho. Mwongo yule! Alikuwa soko la Daraja Mbili anauza ndizi.

Nilichelewa. Ombati, mwenye mashine ya sinema, alinisukuma gizani. "Kaa, mzee, unaziba picha!" Akatia mlango kufuli.

Niliketi kando ya mtu aliyejifunika blanketi, nikidhani ni Nyakundi. Dude lilipotokea, mimi mjinga mwenye mvi nikamrukia shingoni. "Nyakundi, nishike, ndugu yangu!" Mtu yule alikauka kama gogo. Nikazidi kumkumbatia mpaka picha ikaisha.

Ombati akafungua dirisha. Blanketi likateleza. Mama mkwe akageuzia uso ukutani.

"Ombati," akasema, "mwambie mume wa binti yangu aniachilie."