Neno la Ilaitia

Rael Chepkorir alikuwa na tabia moja iliyomkera sana Jennifer, muuguzi mwenzake aliyekaa naye chumba kimoja kule Fereej Bin Mahmoud, mtaa mmoja wa Doha. Hakuweza kuona gilasi tupu. Alizijaza maji zote na kuziacha hapa na pale: moja kando ya televisheni, moja kwenye dirisha la jikoni, moja sakafuni karibu na kitanda chake. Jennifer alikuwa akizipiga teke kila mara akitoka kazini na macho ya usingizi.

"Rael, kwani tunafuga samaki humu?" aliuliza siku moja huku akipangusa sakafu kwa taulo.

"Acha tu, nitayamwaga."

Hakuyamwaga. Wala hakumwambia Jennifer maji hayo yalikuwa ya nani.

Rael alitoka Litein, upande wa Kericho, akiwa muuguzi mwenye miaka kadhaa ya kazi mkononi. Alifika Doha mwaka 2007. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, mwenye mikono myepesi ya kutafuta mshipa, na wagonjwa walimpenda kwa sababu hakuwa na haraka. Mwaka wa pili uliisha vizuri. Kisha, Ijumaa moja ya Machi 2009, jua likiwa linatua, aliletewa Mfiji.

Jina lake Ilaitia. Alikuwa mlinzi katika jengo moja la ghorofa, mtu mkubwa kiasi kwamba miguu yake ilipita mwisho wa kitanda. Siku hiyo alikuwa akicheza raga ya ligi, ile ya wachezaji tisa kila upande, katika mashindano ya siku moja ambayo watu wa visiwani waliokuwa wakifanya kazi Qatar waliyaandaa wenyewe: Fiji, Samoa, Tonga, Papua, na Wafilipino pia. Alikabwa na watu wawili, akaanguka, akainuka akicheka, akaendelea kucheza. Mechi ilipoisha tumbo lilikuwa limeanza kuwa gumu. Alikuwa akivuja damu kwa ndani.

Daktari wa upasuaji aliagiza asipewe chochote kinywani mpaka atoke chumba cha upasuaji, ambacho wakati huo kilikuwa na majeruhi wengine wa ajali ya barabarani. Wenzake, waliokuwa wamejazana mlangoni na jezi zao zenye vumbi, waliombwa watoke. Walipokuwa wakiondoka, Ilaitia aligeuza kichwa na kusema neno moja.

"Wara."

Rael alikuwa amezoea kusikia Kiingereza cha mataifa mengi, na kila mgonjwa alilitamka neno la maji, "water", kivyake. Akajua anaomba maji.

"Bado kidogo," alimwambia. "Daktari amekataza."

"Wara..." Kulikuwa na sauti nyingine nyuma ya neno hilo, lakini haikutoka vizuri. Rael akalowesha pamba, akampitishia midomoni. Yule mtu akaondoa uso, kama mtoto anayekataa dawa, akautazama mlango, akarudia. Akarudia tena na tena, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, na Rael kila mara akamjibu bado, bado kidogo. Alipelekwa kupasuliwa akiwa bado analisema. Hakurudi. Kabla ya alfajiri Rael aliambiwa abadilishe shuka za kitanda kile, kuna mgonjwa mwingine anakuja.

Hakuna aliyemlaumu, na yeye mwenyewe alijua hakukosea. Gilasi moja ya maji isingemwokoa yule mtu, na huenda ingemmaliza upesi. Lakini kujua ni kitu kimoja. Alipofika nyumbani asubuhi ile alivuta mapazia, akajilaza, na adhuhuri, chumba kikiwa na ule mwanga wa kahawia wa jua lililofungiwa nje, akasikia mtu akisema bafuni: wara.

Akaamka, akaenda kutazama. Bafu lilikuwa kavu. Akafungua bomba, akayaacha maji yatiririke mpaka moyo ukatulia.

Ikawa hivyo. Wiki nyingine sauti haikuja kabisa, wiki nyingine ilikuja kila siku. Aliomba kuhamishwa wodi, akahamishwa, na sauti ikahama naye. Aliisikia kwenye friji ya nyumba ikinguruma, kwenye kiyoyozi kikianza, na siku moja kanisani, katikati ya wimbo, sauti nzito nyuma yake. Hakugeuka. Ndipo akaanza kuweka gilasi.

Mwaka 2013 alipigiwa simu na Mutai, kijana wa kwao Kericho aliyekuwa akitengeneza kompyuta katika ofisi moja na kuchezesha raga wikendi kama refa.

"Dada, niokoe. Muuguzi wetu wa huduma ya kwanza amesafiri na mashindano ni Ijumaa, hapo Abu Hamour."

"Mashindano gani?"

"Ya wale watu wa visiwa. Tisa kwa tisa. Yalikuwa yamesimama miaka mingi, sasa yamerudi."

Rael alikaa chini kwenye ukingo wa kitanda. Alitaka kusema hapana. Badala yake aliuliza saa, kwa maana wazo lilimjia kwamba huenda sauti ile ilikuwa ikimwita huko.

Uwanja ulikuwa wa shule, wenye nyasi bandia zilizochoma nyayo. Wake wa wachezaji walikuwa wametandika mikeka kando, watoto wakikimbizana, ngoma zikipigwa na Watonga. Rael alikaa chini ya mwavuli na barafu na bendeji zake. Mchezo wenyewe alianza kuuelewa polepole: mtu anakabwa, anaangushwa, anainuka, anausukuma mpira nyuma kwa mguu, wanaanza upya. Mbio tupu, bila kupumua.

Ilikuwa Fiji na Samoa. Wafiji walichomoka upesi kwenda mbele, na mmoja wao, mtu mzima mwenye tumbo, akabaki nyuma akijikokota. Akainua mkono akawapigia kelele wenzake.

"Waraki au! Waraki au!"

Watu wa Fiji waliokuwa mikekani wakaangua kicheko. Rael alishika ukingo wa meza. Lilikuwa neno lile lile, safari hii likiwa na mkia wake.

Kipenga cha mwisho kilipolia yule mtu mzima alimjia mwenyewe, goti likivuja damu. Alisema anaitwa Sakiusa. Rael aliliosha goti, kisha akamuuliza kwa Kiingereza, "Uliomba nini pale uwanjani? Maji?"

"Maji? Hapana, sista." Alicheka. "Niliwaambia wanisubiri. Waraki au, nisubirini. Ni utani wetu. Kulikuwa na ndugu yangu mmoja kwenye timu hii, mzito kuliko mimi, alikuwa akisema hivyo kila mechi. Sasa tunalisema kwa ajili yake."

"Ilaitia," alisema Rael.

Kicheko kikamwisha Sakiusa usoni.

Rael akamweleza yote, bila kuficha: pamba, midomo, bado kidogo. Sakiusa alisikiliza huku akitazama goti lake kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Alikuwa akituita sisi," alisema mwishowe. "Nilimsikia tukitoka mlangoni. Nikadhani anatania. Nikamjibu tutakusubiri nje. Na tulisubiri, sista. Timu nzima. Tulilala kwenye nyasi za pale maegesho ya hospitali, na jezi zetu. Hakuna aliyekuja kutuambia. Kumepambazuka, wafanyakazi wanatoka, tunatazama kila uso. Muuguzi mmoja mfupi akapita, ana sweta ya buluu. Akatuambia habari za asubuhi. Sote tukainuka tukamwitikia. Tukasema, kama huyu anasalimia hivi, basi ndugu yetu ni mzima. Tulikuja kuambiwa adhuhuri."

Rael aliikumbuka sweta hiyo. Alikumbuka na wale wanaume wakubwa waliolala kwenye nyasi, ambao aliwadhania ni vibarua wanaongoja basi la kambini.

"Nilikuwa mimi," alisema.

Ngoma zilianza tena upande wa pili. Sakiusa akauliza taratibu, "Aliumia sana?"

"Mwanzoni. Baadaye hapana. Baadaye alikuwa akiutazama mlango tu."

Mutai akapuliza kipenga kuita timu kwa mechi iliyofuata. Sakiusa akainuka, akaweka kiganja chake kizito juu ya kichwa cha Rael, kama mtu anayebariki au anayejishikilia asianguke, akachechemea kurudi uwanjani. Fiji walishindwa mechi hiyo. Rael hakumwona tena. Mwaka uliofuata alisikia kwamba amerudi kwao.

Jennifer alifurahi kuona gilasi zimerudi kabatini. Bafuni kulinyamaza. Lakini Rael hakupata amani aliyoitarajia, kwani sasa alilielewa neno, na neno linaloeleweka halinyamazi kwa maji. Kila asubuhi akitoka shifti alipita pale maegesho polepole. Akiona watu wamekaa kwenye nyasi, Wanepali, Wabangali, Waganda, alisimama na kuwauliza, "Mnamsubiri nani?" Wengi walikuwa wakisubiri basi. Wachache walitaja jina, na Rael, miguu ikimuuma, alirudi ndani kuulizia, akatoka na habari, njema au mbaya, akawaambia mwenyewe. Alifanya hivyo mpaka mkataba wake ulipoisha mwaka 2018.

Jennifer alikuja kunisimulia kwamba asubuhi moja ya mwaka ule wa mwisho walitoka shifti pamoja, ukungu umetanda mpaka taa za barabarani hazionekani. Rael aliachana naye ghafla, akakatisha maegesho, akainama. Jennifer alimsikia akiuliza kwa upole, "Mnamsubiri nani?" na kungoja, kichwa kimeelekezwa upande mmoja, kama anayesikiliza watu wengi wakijibu kwa pamoja. Jennifer aliposogea karibu, aliona nyasi zenye umande, na juu yake hakukuwa na mtu.