Simu Ndani ya Sufuria ya Ugali

Jirani yangu wa hapa Ladywood, huku Uingereza, Mchina mwandishi wa habari na mtengenezaji wa filamu, alikuwa akirekodi mikono tu. Mikono ya watu waliofungwa kwao bila kesi, wakisimulia waliyotendwa. Mimi na udaku wangu, nilikosa raha. Uso una kosa gani?

Siku aliponiomba sebule, maana kwake mafundi walikuwa wakitoboa ukuta, nilikubali hata hajamaliza kuuliza. Akaja na mama mmoja mpole. Simu zetu zote tatu akazitia kwenye sufuria yangu ya ugali, akafunika, akaipeleka bafuni.

"Makubwa haya! Zinapikwa?" nikauliza.

Akacheka. Akanieleza kwamba simu husikiliza, na kwamba baba wa yule mama bado yuko kule kwao. Uso wa binti ukionekana, mlango utakaogongwa ni wa mzee. Nikasema nimeelewa.

Mama alisimulia kwa saa mbili, akikunja na kukunjua leso. Mimi nilikuwa jikoni, sikio lote mlangoni, ingawa Kichina sijui hata neno.

Sasa, kwangu mgeni haondoki na njaa. Nikaleta chai ya maziwa na chapati, na simu zikarudi. Mama akararua chapati, akacheka kwa mara ya kwanza. Nami, mkono umezoea jamani, nikapiga picha nikaiweka status: "Wageni wangu leo!" Kila mgeni wangu hupitia hapo, hata mchungaji.

Walipoondoka, jirani aliiona wakiwa bado kwenye lifti. Walirudi mbio. Nilifuta, lakini watu kumi na wanne walikuwa wameshaiona. Nilitamani ardhi inimeze. Mama hakunifokea. Alisema tu kwamba baba yake humpigia kila Jumapili saa nne asubuhi.

Jumapili hiyo sikwenda kanisani. Tulikaa watatu kwangu, simu ya mama mezani. Saa nne ikapita. Saa nne na robo. Nilimwomba Mungu. Saa nne na dakika ishirini, ikalia.

Waliongea kidogo tu. Mama akakata simu, akafuta macho.

"Mzee yuko salama?" nikamuuliza jirani.

"Hilo haliulizwi kwenye simu. Amemuuliza binti yake kama anakula vizuri."

"Akamjibu nini?"

"Kwamba kuna dada mmoja humpikia chapati."