Udi Kwenye Tundu la Hita

Mama mdogo anakaa Wheaton, huko Marekani, na mtu yeyote akimuuliza anajibu kwamba yuko karibu na treni na karibu na maduka. Kweli kabisa. Lakini mimi mwaka wangu wa kwanza pale, hiyo stesheni niliijua kwa kuipita ndani ya gari lake tu, tunakwenda hospitali au tunatoka hospitali.

Nilikuja baada ya kumaliza kidato cha nne Tanga. Mpango ulikuwa mwepesi: nisaidie na mtoto kidogo, halafu nianze darasa la kuhudumia wagonjwa, lipo Beltsville, halafu nifanye kazi kama yeye. Yeye anatunza wazee kwenye nyumba moja ng'ambo ya mto, Arlington. Mume wake anaendesha malori, anakuja akija. Mtoto wao ni mmoja, wa kike, wakati ule alikuwa na miaka minne, na alikuwa na pumu.

Hiyo pumu ndiyo iliyonifunga. Chekechea walimpokea, akakohoa, wakapiga simu akachukuliwe. Wakampokea tena, akakohoa tena, simu. Mwisho mama mdogo akachoka, akamtoa. Akaniambia, "Mwanangu, vumilia. Mtoto akipona, yeye anaenda shule na wewe unaanza darasa lako."

Nikasema haya. Ningesema nini?

Basi kazi yangu ikawa kusikiliza kifua cha mtoto. Asubuhi hata macho sijafungua vizuri, nasikiliza: kinapiga filimbi au hakipigi? Kikitulia siku mbili tatu nachukua simu, natafuta darasa linaanza lini. Halafu baridi inaingia, hita inawashwa, filimbi inarudi. Na baridi ikiingia ndiyo basi, madirisha hayafunguliwi tena mpaka miti ichipue majani. Nje mtoto hawezi kwenda, hewa ya baridi inamkaba. Yeye hawezi, kwa hiyo na mimi siwezi. Tunakaa na katuni. Mimi naongea Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza. Nikimwambia kaa unywe uji, ananijibu kwa hicho Kiingereza chake kwamba uji si chakula, ni gundi. Nilikuwa naweza kukaa dirishani nikamwangalia mtu anapeleka takataka nje nikamwonea wivu.

Sasa nieleze habari ya udi, maana yote yalianzia hapo.

Mama mdogo akirudi kazini, anavulia nguo za kazi mlangoni, anapitiliza bafuni. Akitoka huko anajifunga kanga, anawasha yale makaa ya duara yanayoshika kwa kiberiti, anayatia kwenye chetezo, juu yake kipande cha udi. Kwetu nguo unazitandika juu ya tenga, chetezo kinakaa chini, moshi unapanda taratibu. Yeye Marekani akagundua njia yake. Kwenye sakafu ya korido kuna tundu kubwa la hita lenye wavu wa chuma. Yale matundu mengine madogo ya vyumbani yanapuliza hewa ya moto, hili lenyewe linavuta. Ukiweka karatasi pale inang'ang'ania. Basi anaweka chetezo juu ya huo wavu, hita inaunguruma, moshi unazama chini wote, na baada ya muda nyumba nzima inanukia, vyumbani, besimenti kule chini ya nyumba, hadi kabatini.

"Hita ya Mzungu hiyo, inanifanyia kazi," alikuwa akisema.

Wageni walikuwa wanachanganyikiwa. "Shoga, nyumba yako inanukia mpaka chooni! Unafanyaje?" Na yeye anacheka tu, anasema hiyo ni siri ya mwenye nyumba.

Utaniuliza kwani hatukujua kwamba moshi na pumu haviendani. Tulijua. Lakini kwetu moshi ni wa sigara, moshi ni wa kuni. Udi ni udi. Daktari alimuuliza mama mdogo mbele yangu: kuna mtu anavuta sigara ndani? Hakuna. Kuna paka, mbwa? Hakuna. Mnawasha mishumaa? Hatuna mishumaa. Yote kweli. Mimi nilikuwa nimempakata mtoto, naangalia viatu vyangu. Mkubwa akishasema, wewe unaanzia wapi?

Siku moja mtoto alidumbukiza kiatu cha mwanasesere kwenye lile tundu la korido. Akalia mpaka nikaogopa atabanwa. Nikachukua kijiko, nikaunyanyua wavu, nikatia mkono ndani.

Kiatu nilikipata. Mkono ulitoka mweusi mpaka kwenye kiwiko, na si weusi wa vumbi, weusi wa mafuta, unateleza. Kulikuwa na majivu yameshikana kama pamba chafu, na katikati yake vipande vya makaa, vingine vizimavizima. Mtoto akanyamaza kulia, akaniuliza kwa Kiingereza glavu hiyo nimeivaa saa ngapi.

Nikashuka besimenti ilipo mashine yenyewe. Nikaivuta filta. Ilikuwa imeziba, haionyeshi hata ilikuwa rangi gani, na kwa kuziba ilikuwa imevutwa ikapinda, pembeni pamebaki nafasi mkono unapita. Ina maana uchafu ulikuwa haupiti tena kwenye filta, unaizunguka, unakwenda moja kwa moja vyumbani. Nilikaa pale kwenye ngazi na filta mapajani. Nilikuwa na hasira, sijui na nani.

Mama mdogo alipofungua mlango nilikuwa nimesimama koridoni na filta mkononi.

"Shikamoo Ma'mdogo. Njoo uone."

"Marahaba. Ngoja nivue viatu."

"Usivue. Njoo."

Aliangalia tundu, akaangalia filta, akaniangalia mimi.

"Nani kakwambia ufungue mashine ya watu?"

"Si ya watu, ni yetu."

"Yetu! Umekuja jana."

"Ma'mdogo, hizi njia za hewa zote inabidi zisafishwe. Waitwe watu wenye mashine zao."

Akapiga makofi. "Ahaa! Wamekupigia simu wale! Wamekupata!"

Maana kulikuwa na watu wanaopiga simu kila mara, eti wasafishe njia za hewa za nyumba nzima kwa bei ya bure, na mama mdogo alikuwa anawatukana kwa Kitanga wasichokielewa. Alisema watu wale hawataki kufyonza vumbi, wanataka kumfyonza yeye.

"Hajanipigia mtu," nikasema. "Tazama mwenyewe."

"Hii nyumba ilikarabatiwa kabla hatujaingia. Hilo ni vumbi la mafundi."

"Kwani mafundi walikuwa wanafukiza?"

Ilinitoka tu.

"Rudia," akasema.

Sikurudia. Akachukua chetezo, akawasha makaa yake, akaketi kwenye kochi na kuangalia televisheni iliyozimwa. Kwenye wavu hakukiweka. Chakula nilipakua, tukala kila mtu na sahani yake.

Wiki hiyohiyo mtoto alibanwa vibaya, pampu yake ya pumu haikusaidia, mama mdogo akaitwa kazini aje atupeleke hospitali. Tulipokuwa tunarudi, mtoto amelala kwenye kiti cha nyuma, mama mdogo akasema huku anaangalia barabara, "Kuna Mkongo mmoja, mkewe nafanya naye kazi. Ndiyo shughuli yake hiyo ya njia za hewa. Nitamwita aje aangalie. Kuangalia tu."

Alikuja Jumamosi na mwenzake na bomba nene kama tembo. Kwanza alitumbukiza kamera ndogo yenye waya kwenye tundu la korido, akawa anaangalia kwenye kioo, anaguna. Halafu akainua kichwa.

"Mama, humu mu nyumba munapikaka na makala?"

"Makaa? Sisi tunapika kwa jiko la umeme."

"Sawa, lakini makala iko. Angalia. Iko mingi." Akanusa. "Na inanuka bien, muzuri, kama mu kanisa."

"Kanisa tena!" Mama mdogo alijisahau kabisa. "Baba, huo ni udi! Udi mzuri, natumiwa kutoka nyumbani!"

"Ah bon." Yule baba akaangalia wavu, akaangalia chetezo juu ya kabati, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. "Mama! Ni wewe ulitia moto mu mashini!"

Nilidhani mama mdogo atamfukuza. Lakini alifunika mdomo na ncha ya kanga, na mabega yakaanza kumcheza. Alikuwa anacheka. Halafu yule baba akaacha kucheka, akamwambia kwa upole kwamba kaa likidondoka humo lina moto, na vumbi lile lote, nyumba inakwenda na wao ndani yake. Hapo mama mdogo akaishusha kanga mdomoni.

"Haya, na wale wa simu wanaosema tusafishe kila mwaka?" akauliza.

"Kila mwaka? Hapana! Hata mimi kwangu sijasafishaka. Unabadilisha filta, basi. Unaita watu kama panya iliingia, kama kuko kuvu, kama mafundi walikata mbao ndani, ao kama ni hivi." Akaonyesha kioo. "Na kikohozi ya mutoto siwezi kukuahidi. Mimi si muganga."

Mama mdogo akasema haya, safisheni; wakaziba matundu yote ya vyumbani kwa plastiki, wakatufungia jikoni sisi watatu, wakawasha. Kelele zake hata meno yanatetemeka. Mtoto akajificha kwenye kanga ya mama yake. Mimi nilikuwa natamani tu iishe, iishe, niambiwe tumepona au hatujapona.

Katikati ya kelele mama mdogo akaniinamia sikioni.

"Unajua kwa nini nafukiza? Nikitoka kule nanuka wazee. Naoga, bado nanuka. Zile dawa, mikojo, ile losheni ya kuwapaka. Nikivuta udi ndiyo najua nimerudi kwangu."

Nikamshika mkono, naye akauacha mkononi mwangu.

Tangu hapo chetezo kikahamia nje, kwenye kibaraza cha nyuma. Mama mdogo anavaa koti la baridi juu ya kanga, anachuchumaa na moshi wake huku mdomo unatoa moshi mwingine wa baridi, na jirani wa upande wa pili anachungulia kwenye pazia. "Atazoea," anasema.

Mtoto hakupona siku hiyo. Nasema hivyo kwa sababu mimi nilitegemea kesho yake asubuhi kimya, na kesho yake alikohoa, na keshokutwa, na mimi nikalia bafuni. Lakini filimbi ikapungua kidogokidogo, mpaka siku moja nikagundua nimeamka nafikiria kitu kingine. Chekechea wakampokea. Simu tukaisubiri, haikuja.

Kilichokuja ni mama mdogo kuniambia, tena kwa furaha, "Sasa mtoto mzima, nimeomba zamu za jioni. Na za wikiendi."

Nilimfuata kibarazani akiwa anapuliza makaa.

"Ma'mdogo, darasa linaanza Jumatatu. Ni la jioni."

"Eeh."

"Uliniambia mtoto akipona."

"Nani kakataa?"

"Umechukua zamu za jioni. Nani atakaa naye?"

Akaendelea kupuliza. Nilikuwa nimetoka bila koti, natetemeka, lakini niliapa siingii ndani mpaka anijibu. Udi ukashika, moshi ukaja usoni kwangu, akaupunga na mkono uende upande mwingine.

"Za jioni nitazirudisha," akasema. "Za wikiendi sirudishi, usiniombe."

"Sikuombi."

"Na ukitoka ufunge mlango. Usiniachie nyumba kama hoteli."

"Nitafunga na nini? Sina ufunguo."

Aligeuka. "Huna ufunguo?"

"Sijawahi kuwa nao."

"Muda wote huu?"

"Nimetoka lini peke yangu?"

Alimwagia makaa maji, udi wake mzuri wa kutumiwa ukafa palepale, akaingia ndani kumvalisha mtoto viatu. Tukaenda duka la vifaa, kijana akachonga ufunguo kwenye mashine inayopiga mayowe, akanipa ukiwa bado wa moto.

Nyumbani mama mdogo akataka tuujaribu kabla ya kuvua makoti. Yeye na mtoto wakaingia, mimi nikabaki nje, nikafunga. Mtoto akaanza kugonga mlango kwa ndani anacheka.

"Ufunguo unafunga?" mama mdogo akauliza kutoka ndani.

"Unafunga."

"Haya, tufungulie basi."

Nikasema nafungua. Nikasimama kwanza kidogo pale nje.