Kioo cha Fundi

Mwaka ule wa 1989, fundi wa televisheni wa Kitale hakujua kukaa. Mikono yake haikutoka nyuma ya seti, ikikaza hiki, ikilegeza kile, na skrini aliitazama kupitia kioo cha kunyolea alichokisimamisha mbele yake. Hata maonyesho ya picha za mvua ambayo mwalimu Chelangat wa Kimilili aliyatunga kwa kompyuta ndogo iliyosoma programu kutoka kwenye kaseti na kuunganishwa na televisheni, aliyakagua humo humo kiooni, huku akigongagonga meza kwa bisibisi. "Mvua gani hii, mwalimu? Inakwamakwama kama kikohozi." Jumamosi iliyofuata: "Mvua sawa. Lakini mawingu yanakimbia ni kama yameiba, bana." Kila mara Chelangat alirudi nyumbani amenuna, akaiandika programu upya.

Jumamosi ya nne kaseti ilipomaliza kupiga kelele zake za kupakia programu, mvua ikaanza kushuka skrinini juu ya Mlima Elgon. Bisibisi ikanyamaza. Chelangat akasubiri kukosolewa. Fundi akatoka nyuma ya seti, akakilaza kioo kifudifudi, akavuta stuli, akaketi. Mvua ikanyesha mpaka ikaisha.

"Anzisha tena," akasema bila kumwangalia. "Sikuona vizuri."