Siku Mjomba Bakari Alipopalilia Makaburi ya Marodoka

Enzi zetu, sisi tulioanza shule wakati bendera ya uhuru ingali na mikunjo ya sandukuni, mtoto wa mjini kwetu Mahajanga akienda kisiwani Nosy Be alirudi na vitu viwili: harufu ya mlangilangi kwenye nguo, na maneno ya kuwatambia wenzake mwaka mzima. Picha hakurudi nazo, maana hakuna aliyempiga. Wajukuu wangu wanashangaa: "Sasa bibi, mlijuaje kwamba mlifika?" Tulijua, wanangu. Miguu iliuma.

Basi nieleze taratibu, maana vijana wa leo ukiwapa hadithi isiyo na video wanaona umewanyima chakula.

Mjomba wangu Bakari, mdogo wake mama, alikuwa fundi wa posiposi, vile vigari vya kuvutwa na mtu vilivyojaa Mahajanga siku hizo. Alikuwa na mikono mizuri na mdomo mrefu. Alimwona Zaina, msichana wa Marodoka, kijiji cha huko Nosy Be, alipokuja mjini kwetu harusini, na tangu siku hiyo akawa anafunga magurudumu kinyumenyume. Mama akaona afadhali ampeleke akapose kabla hajaua abiria. Mimi nilichukuliwa nibebe kikapu cha vitumbua. Melini mama alimwonya, kwa Kikomoro chetu cha nyumbani: "Bakari, huko watu wana mawe ya zamani kuliko babu yetu. Tukifika, mdomo wako uuache na mizigo."

Marodoka ipo mbele ya Hell-Ville, mji mkuu wa kisiwa, ukishapita Ambanoro kunakonuka samaki wa kukausha. Hapo kale ulikuwa mji wa matajiri, Waislamu na Wahindi, wenye nyumba za mawe. Sisi tulikuta kijiji kidogo na magofu: kuta za matumbawe na chokaa zilizokumbatiwa na mizizi, msikiti wa kale, na makaburi ndani ya majani. Nyuma yake ndiyo Lokobe, msitu ambao Wafaransa waliukataza usiingiwe, na serikali yetu mpya ikaurithi pamoja na marufuku yake. Marufuku hiyo komba wa huko, watembeao mchana, hawakuisoma. Kila asubuhi walitoka msituni kuja kula mapapai ya watu, dume jeusi ti, jike la rangi ya kutu lenye manyoya meupe masikioni. Shuleni tulikaririshwa mito ya Ufaransa hadi vijito vyake, lakini komba hatukufundishwa hata siku moja. Walikuwa wa kwetu, basi hawakufaa kuwa somo.

Posa ilikuwa isikilizwe baada ya chakula cha mchana. Asubuhi, bibi yake Zaina, ambaye kijiji kizima kilimwita Dadi, yaani bibi kwa lugha ya kule, alitutembeza magofuni. Ndiyo desturi yao: mgeni huwasalimu kwanza waliolala, kisha walio macho. Mjomba alikuwa amevaa viatu vya ncha vilivyometa hata ungejitazamia. Tukafika kwenye kaburi kubwa kuliko yote, la mzee wa kwanza wa ukoo wa Zaina. Juu yake wameketi komba wawili, mweusi na mwekundu, wanachanana manyoya.

Mdomo ukamtoka mjomba kwenye mizigo. Akanyoosha mkono, kidole kimesimama kama msumari: "Tazameni! Makabila mawili ya komba, na yanapatana kuliko sisi!"

Kwa wasiojua, nchini kwetu kaburi halinyooshewi kidole. Ukitaka kulionyesha unakunja kidole, unaelekeza kwa kifundo. Ni fady, yaani mwiko, na mtoto huujua kabla hajajua kujifunga nguo. Hata sisi wenye asili ya Ngazija, tunaoswali sala zote, tulikunja vidole pamoja na majirani zetu. Mjomba alijua vizuri. Mbwembwe ndizo zilizomsahaulisha.

"Mwanangu," Dadi alisema kwa upole uliotisha, "hao si makabila mawili. Hao ni mume na mke. Na uliyemchoma jicho ni babu yake huyo unayemtaka." Kisha akamgeukia mama. "Posa yenu leo hatuisikii. Kwanza awaombe radhi waliolala. Apalilie hapa pote, peku, mbele ya watu. Baadaye Zaina mwenyewe atasema."

Mama alitafuna pindo la leso yake. Alikuwa anamjua nduguye: akitaniwa kidogo, hununa siku tatu. Na wasichana wa Marodoka walikwisha kuja na mikeka yao, wakaketi kama wanasubiri ngoma.

"Fundi, hilo ni jani au ni kabila lingine?"

"Kaka wa Mahajanga, pole pole, hilo jani halina breki!"

"Mdomo nao uutundike, uwe jirani wa viatu!"

Viatu vilikuwa vimening'inizwa tawini. Komba mmoja alivijia, akavinusa, akapiga chafya. Kijiji kikaanguka kwa kicheko. Nilimwona mjomba akikaza taya, nikajua tumekwisha, tutarudi na vitumbua vyetu. Akainuka, akafuta jasho, akatazama viatu, akamtazama komba. Kisha akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini. "Dada zangu," akasema, "nielekezeni lililobaki. Ila kwa kifundo, msije mkaajiriwa pamoja nami!"

Alipalilia hadi alasiri, viganja vimetoka malengelenge, naye anajibu kila neno kwa neno.

Dadi akamwita Zaina. "Haya, sema."

"Dadi," alisema Zaina, "wenye viatu wapo wengi. Mwanamume anayechekwa na kijiji kizima tangu asubuhi asinune, huyu nikimwacha nitampata wapi mwingine? Na mimi mdomo ninao, mnaujua."

Vigelegele vikapigwa. Waliishi pamoja mpaka uzee, wakigombana kwa raha zao.

Sasa niwatazame hawa wetu. Kijana mmoja wa ukoo amechumbia mwaka huu kwa simu. Amekwenda Nosy Be, amelala hoteli, amempa komba ndizi amkalie begani, amepiga picha mia kabla ya kifungua kinywa. Rafiki yake wa tangu shule akaandika chini ya picha moja kwamba komba ndiye mzuri kati yao wawili. Kijana alilia, nakuambieni, akamfuta rafiki huyo asimwone tena.

Sisi hatukuwa malaika. Tulikuwa na chawa, na tulicharazwa bakora kwa mito ya Ufaransa. Lakini aliyekuwa anakwenda kuoa, watu walikuwa wamekwisha kumcheka vya kutosha, na yeye amekwisha kujua kwamba kicheko hakiui. Nilimwuliza kijana wetu, kwa mapenzi: "Mwanangu, na mkeo akikucheka, utamfuta kwa kitufe kipi?"

Aliinamia simu yake. Bado anatafuta.