Jembe Lililokuja na Mtoto

Mama yeyote akiniletea mtoto asubuhi, alikuja na jembe. Hayo ndiyo yalikuwa malipo yangu, na wala sikuyapanga mimi. Yalianza mwaka ule tulipohamishiwa kijijini, karibu na Bunda, kila kaya ikapimiwa kiwanja na shamba nyuma ya nyumba. Na mimi nilipimiwa, pamoja na ujane wangu, na jambo hilo nitaishukuru serikali mpaka kufa. Tatizo ni kwamba mguu wangu wa kushoto ulikanyagwa na ng'ombe wa plau nikiwa binti, ukaunga vibaya. Kutembea natembea, kupika napika, na naweza kuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi siku nzima. Kuinama na jembe toka alfajiri mpaka jua kali siwezi.

Jirani mmoja ndiye aliyeanza. Alikuja na mwanawe, akaniambia, "Dada, niangalizie huyu, mimi nikupigie mistari miwili hapa kabla sijaenda kwenye pamba." Wengine walipomwona wakafuata. Msimu haukuisha kabla uwanja wangu haujajaa watoto, na kila kulipokucha kulikuwa na wanawake wanapalilia mtama wangu nyuma ya nyumba huku wakiwasema waume zao. Mimi nilikoroga uji nikiwasikiliza, nikicheka peke yangu jikoni. Nilikuwa na furaha, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Furaha yenyewe ilikuwa na adui, naye alikuwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Desturi yetu mjane hurithiwa, na yeye alikuwa na wake wawili tayari, akitaka niwe wa tatu. Mtoto wangu wa pekee alikufa kwa surua kabla hajajua kutembea, kwa hiyo sikuwa na kijana wa kusema hii ni nyumba ya mama yangu, tokeni. Kurudi kwetu Bukima nako hakukuwezekana. Kaka yangu alikuwa ameshaolea ng'ombe wangu wa mahari, na mimi ningerudi, ng'ombe wangedaiwa. Kilichobaki ni neno moja la wazee wa ukoo: mwanamke anayejilisha mwenyewe asisumbuliwe. Nilijilisha mwenyewe kwa majembe ya wale mama. Basi.

Ningependa kusema sikumchukia shemeji. Nilimchukia. Alikuwa anakuja, anakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa, anautazama mtama wangu.

"Shemeji, mtama wako umesimama kweli kweli."

"Umesimama, shemeji. Karibu uji."

"Mimi sinywagi uji wa watoto," anasema, kisha anaondoka. Nilimsindikiza mpaka njiani kwa heshima zote, nikirudi nakifuta kile kigoda kwa maji.

Kisha akaja bibi maendeleo wa serikali kutoka Musoma. Alishuka kwenye gari na viatu vyake vizuri, akavivua, akakaa nami mkekani, akampakata mtoto mwenye kamasi bila kukunja uso. Alikuwa mwanamke mwema, na katika habari hii yote ningefurahi sana kumpata mtu mbaya wa kumlaumu, lakini si yeye. Nikamchomea viazi. Akaniuliza watoto wanakula nini, wanalala wapi, wakiugua nafanyaje. Wakati wa kuondoka akanishika mikono yote miwili, akaniambia kazi ninayoifanya ni ya taifa. Nilivimba kichwa. Kwa siku kadhaa hata paka hakuthubutu kunipita vibaya.

Haukupita muda tukaitwa mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akatangaza kwamba tutajenga nyumba ya kulea watoto, chekechea. Sisi tutafyatua matofali, serikali italeta bati, unga wa njano, maziwa ya unga na sukari, ili kina mama wawe huru kulima shamba la kijiji. Wanaokubali wanyooshe mikono. Nilinyoosha wangu juu kuliko wote. Wanawake waligeuka wakinitazama, wakipiga vigelegele, na mmoja akapaza sauti, "Huyu sasa atalipwaga na serikali, atatusahau!" Hakuna aliyeuliza nani atakuwa mlezi. Mlezi si alikuwa amekaa pale pale, na mguu wake mbaya ameunyoosha mbele? Hata mwenyekiti mwenyewe, naamini, aliwaza hivyo hivyo. Yule jirani wa kwanza alinipa hata khanga, ya kuvaa siku ya ufunguzi.

Nyumba ilipoezekwa ndipo taarifa ikaja kwamba mlezi lazima awe amemaliza darasa la saba na aende mafunzo Musoma. Mimi wakati huo nilijua kuandika jina langu tu. Haya mengine nimeyajua baadaye, kwenye kisomo cha watu wazima. Akachaguliwa binti wa watu, mpole, anapenda watoto, na aliporudi kutoka mafunzo aliimudu kazi yake vizuri. Alinipitia nyumbani kunisalimu, akapiga goti, "Shikamoo mama." Nikaitika marahaba, nikaingia ndani.

Nao uji wa kule, jamani! Unga wa njano, maziwa, sukari, wakati madukani sukari ilikuwa hadithi. Watoto walinenepa mashavu. Ningekuwa na mtoto ningempeleka mbio, na mguu wangu huu. Lakini walisema ni bure, na neno hilo nililichukia. Kituo kilikuwa bure kwa kina mama. Kwangu mimi kila mtoto aliyekwenda kule alikwenda na jembe.

Jirani yangu alikuja kuniaga. Hakukaa. "Dada, usinifikirie vibaya. Kule wanapewaga maziwa."

"Mpeleke. Atapata afya."

"Nitakuwa nakujaga kukulimia hivyo hivyo."

Alikuja mara moja. Simlaumu, shamba la kijiji lilikuwa linamsubiri, na kule mahudhurio yalitazamwa. Hakuna aliyetazama mahudhurio ya shambani kwangu.

Wala sikubaki bila watoto. Kituo kilichukua wale wanaokula wenyewe na kusema wanapotaka kwenda msalani. Wanyonyao walibaki kwangu. Mtu ambaye hajalea anaweza kudhani nilipunguziwa kazi. Mtoto ambaye hajajua kukaa anataka mikono yako yote, na zamani mikono ya ziada ilikuwa ile ya watoto wakubwa. Wao ndio waliombembeleza mdogo, wakaniletea nguo kutoka kambani, wakafukuza kuku kwenye chungu. Sasa wote walikuwa kituoni wanaimba. Na mama wa mtoto mchanga ametoka juzi kwenye uzazi, analima mstari mmoja akitweta, halafu anakimbia akirudi kunyonyesha. Ningemwambia nini? Nilimwambia apumzike. Kazi iliyo ngumu zaidi ilibaki kwangu, na majembe yakaisha.

Nilikwenda ofisi ya kijiji. Sikwenda kulia, nilikwenda na hoja. Nikamwomba katibu, kwa kuwa wachanga hawachukuliwi kituoni, wakipalilia kwangu wale mama wahesabiwe kama wamefanya kazi ya kijiji. Au basi nipewe kidogo katika ule unga, kwa ajili ya wale walioanza kula.

"Mama," akasema kwa upole, "unga huu ni wa kituo. Wewe siyo kituo."

"Mimi ni nini basi, ndugu katibu?"

Akafikiri. "Wewe ni mtu binafsi."

Nikarudi nyumbani mtu binafsi, na njia nzima nilitukana kwa kilugha chetu, maana Kiswahili nilichokuwa nacho hakikutosha.

Msimu uliofuata kiduha kiliingia kwenye mtama. Asiyekijua atakisifia, kina maua mazuri ya zambarau, lakini kinafyonza mtama kwenye mizizi mpaka unasinyaa umesimama. Dawa yake ni kung'oa mapema, na kung'oa ni kuinama. Nilijaribu kung'oa nimekaa, nikijisogeza kwa makalio mstari hadi mstari, mtoto wa mtu mgongoni, mwingine nimemlaza kwenye kivuli nikikatisha kazi kila alipolia. Nilimaliza pembe moja tu. Shamba zima lilikuwa zambarau. Nikaangua kilio pale pale chini. Ilikuwa hasira zaidi kuliko huzuni, kwa sababu kule kituoni nilisikia watoto niliowafundisha kuimba wakiimba, na waliimba vizuri.

Sheria ya kijiji ilisema shamba lisilolimwa linarudi kijijini, apewe mwenye nguvu. Balozi wa nyumba kumi alikuja kuniambia huku akichora chini kwa fimbo, hanitazami. Mtoto wake nilikuwa nimemlea. Nyuma yake, kwa nafasi yake, akaja shemeji na ng'ombe wake na plau. Safari hii hakukaa. Alisimama mpakani.

"Shemeji, nilime, ama tuwaachie wengine walichukue?"

Wazee wa ukoo walikuwa wameshaona mtama wenyewe. Nilikuwa nimeanza kuomba udaga wa muhogo kwa majirani, na mwanamke anayeomba si mwanamke anayejilisha. Wakakaa, wakanywa pombe, wakasema imekwisha. Nikarithiwa. Nyumba ilibaki ile ile na kiwanja kile kile, ila mwenye kuingia bila hodi sasa alikuwa na haki. Mambo mengine ya kurithiwa sitayaandika.

Hapo ndipo unga wa kituo ulipoanza kusuasua. Gari la kutoka Musoma likachelewa, likaja na nusu, halafu halikuja. Tukaambiwa ni mafuta, tukaambiwa ni daraja, kisha hatukuambiwa kitu. Yule binti alipika uji wa udaga wa mama yake mwenyewe mpaka mama yake akakataa. Akaolewa Butiama. Mlango wa kituo ukafungwa kwa kufuli, mbuzi wakahamia barazani.

Basi asubuhi moja nikasikia sauti uwanjani, nikatoka na mwiko mkononi. Walikuwa wamerudi, watoto mbele, wamerefuka, wengine wanaona haya kunisalimia, na mama zao nyuma, kila mmoja na jembe begani. Nilisahau kila kitu, nilisahau hata kinyongo changu ambacho nilikuwa nimekitunza vizuri. Jirani yangu alinikabidhi mwanawe wa mwisho, wa kunyonya, nikampokea.

Shemeji, ambaye sasa nilipaswa kumwita mume wangu, alitoka nyuma ya nyumba akipangusa mikono. Mtama ulikuwa umeshang'olewa wote. Alikuwa amepanda pamba, imejaa shamba zima mpaka kwenye ukuta wa jiko.

"Karibuni, kina mama, karibuni sana," akasema, amefurahi kuliko nilivyowahi kumwona. "Watoto wanalelewaga hapa hapa, kama mlivyozoea. Na majembe mmekuja nayo, vizuri."

Wanawake wakatazamana. Jirani yangu hakumtazama yeye, alinigeukia mimi, akashusha jembe begani, akaniuliza aanzie mstari gani. Nilikuwa nimempakata mwanawe, ameshaanza kulala. Nikamwambia amuulize mwenye shamba.