Mstari wa Médiatrice

Mimi nilisaini chati siku ya kwanza kabisa, tena kwa kalamu ya kuazima. Sitaficha. Chati mpya ya wafanyakazi, ya nani yuko chini ya nani, ilipobandikwa ukutani pale kwenye kiwanda chetu kidogo cha maziwa, nilitafuta jina langu tu: Usumani, Mratibu wa Usafirishaji. Miaka yote naitwa dereva, leo mratibu! Nikaipiga picha kwa simu, nikamtumia mke wangu nyumbani Nyamirambo. Kuisoma yote, sikuisoma.

Médiatrice, mpima maziwa wetu, alikuja na koti lake jeupe, akasimama mbele ya ile karatasi kama mtu anayekagua mpaka wa shamba la urithi. Nikamtania kwamba kisanduku chake ni kidogo mno, akilala miguu itabaki nje. Hakucheka. Kidole chake hakikugusa visanduku, kilifuata mistari, polepole, kutoka kwake kwenda juu, mpaka kikafika mahali kikasimama.

"Kaka Usumani," akasema, "wewe umetazama kisanduku. Umetazama mstari wako unakwenda kwa nani?"

Nikamjibu kwamba mistari ni mapambo tu.

Huyu mama alikulia Bujumbura, mtoto wa wakimbizi, na Kiswahili chake cha mtaa wa Buyenzi ndicho kilichotufanya ndugu. Miaka kumi na nane kazi yake ni moja: kupima maziwa yanayoingia. Gari likifika anachota kidogo, anachanganya na spiriti kiasi kilekile kwenye kikombe cha kioo, anakiinamisha mwangani. Yakibaki laini, yanaingia kwenye tangi. Yakiacha vipunje, yanarudi yalikotoka. Neno lake lilikuwa la mwisho. Amewahi kurudisha maziwa ya mjomba wa mkurugenzi, mzee mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi. Na kwetu huku kumwambia mtu maziwa yake ni mabaya si jambo dogo. Médiatrice alimwambia huku anamtazama usoni, kisha akamuuliza habari za wajukuu.

Sasa chati ikasema yuko chini ya Armel, mkuu wa manunuzi. Armel si mtu mbaya, ila yeye anapimwa kwa lita zinazoingia. Siku tangi lisipojaa, hapati usingizi. Mwenye kununua awe bosi wa mwenye kukataa? Si ndiyo kesi ya nyani kumpelekea ngedere! Lakini hilo mimi nilielewa baada ya kuelezwa, na hata baada ya kuelezwa nilimwambia asaini, karatasi ni karatasi. Tangazo lilikuwa wazi: asiyesaini hadi Ijumaa arudishe koti na kitambulisho. Ana nyumba ya kupanga Kagarama, ana binti chuoni. Nikamwambia, dada, ukubwa jaa, meza tu. Akasema amemeza mengi, ila hili lina mifupa.

Wote tukasaini, akabaki yeye peke yake. Nilimkasirikia. Leo najua ilikuwa hofu, nilimwona ameshafukuzwa.

Alhamisi nilitoka Kabuga na maziwa. Hapa ndipo penye aibu yangu. Nilisimama kunywa chai na chapati mbili, nikakutana na jamaa wa zamani, gumzo likanoga. Gari letu halina ubaridi, ndiyo maana tunabeba alfajiri. Nilipoingia kiwandani jua lilishakuwa kali.

Médiatrice akachanganya, akainamisha kikombe. Vipunje. Akachukua kikombe kingine, akarudia. Vipunje tena. Akaniambia nisifungue bomba.

Armel akashuka mbio, maana duka moja la Nyarutarama lilikuwa linasubiri mzigo. Alianza kwa upole: basi tutengeneze mtindi. Médiatrice akamjibu kwamba mtindi tunaugandisha sisi, haya yameharibiwa na jua. Hapo Armel akanyoosha mkono ukutani.

"Mama, chati iko pale. Mimi ndio bosi yako. Pokea."

Nilitamani ardhi inimeze. Waosha mitungi wakaacha kuosha. Médiatrice akachukua daftari la mapokezi, akaandika tarehe, namba ya gari na majibu ya vipimo vyote viwili, akaliweka mbele ya Armel na kalamu juu yake.

"Sawa, bosi. Kama amri inatoka kwako, na sahihi itoke kwako. Andika: nimeona, nimepokea. Mimi jina langu siliweki, si leo wala Ijumaa, hata mkinivua hili koti hapa hapa."

Armel akaishika kalamu. Akatazama kikombe, akatazama daftari. Wallahi, mkono ule haukushuka. Ana watoto wawili, na maziwa wanayokunywa ni haya yetu. Akairudisha kalamu mezani, akampigia simu mkurugenzi, akamweleza yote, hata la chati.

Madamu Claudette, mkurugenzi wetu, alishuka ngazi akitegemea kukuta ugomvi. Médiatrice alimsogezea kikombe, na daftari lenye nafasi tupu ya sahihi. Madamu alikitazama kikombe, akalisoma daftari. Kisha akauliza nani aliuchora ule mstari. Kumbe ni mtaalamu wa kukodi, ambaye chumba cha mapokezi hajawahi kukanyaga. Madamu akaiendea chati, akaukata mstari wa kwa Armel kwa kalamu nyekundu, akachora mwingine, mrefu uliopinda, kutoka kile kisanduku kidogo hadi kwake yeye juu kabisa. Nilimwona Armel akishusha pumzi.

Médiatrice akahakikisha mstari unaishia wapi. Ndipo akasaini chati. Halafu akarudi kwenye daftari, akaandika kwamba maziwa yamekataliwa, akafika kwenye sababu, akanitazama mimi.

"Kaka, ulichelewa wapi?"

Nilikuwa na uongo wangu tayari mdomoni, wa tairi. Mratibu mzima! Pale ukutani mstari wangu ulikwenda kwa Armel, na barua ya onyo niliiona inakuja. Lakini baada ya yale niliyoyaona, ule uongo niliuacha. Nikasema, "Kabuga. Chai." Akaandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa, bila kunionea huruma ya udugu, akanigeuzia daftari nitie sahihi.

Safari hii nilisoma kwanza, neno kwa neno. Kisha nikasaini.